Madaftari Mawili ya 'Mapuleng

Sehemu ya Saba

Wiki nzima 'Mapuleng amesimama pale pale tulipomwacha, msomaji wangu: katikati ya ukumbi wa wagonjwa wa nje, mkono mmoja umebana mkoba, mguu mmoja mbele, na jina lake bado linaelea juu ya vichwa vya watu.

"'Mapuleng Ramokoatsi!" karani aliita tena, kwa sauti ya mtu anayenadi kabichi. "Chumba namba nne! 'Mapuleng, umelala?"

Mji wote wa Maputsoe unajua kinachotibiwa chumba namba nne. Namba moja ni kifua. Namba mbili ni presha na sukari. Namba tatu ni wajawazito. Namba nne ni vichwa.

Na jina lililoitwa halikuwa jina lililopaswa kuitwa.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi ya makoenya kabla hujalisoma, jambo lenyewe ni hili. Kila mgonjwa hutembea na daftari lake la afya, na 'Mapuleng alikuwa nayo mawili. La kwanza, la buluu, lilikuwa na jina alilopewa na ukoo wa mumewe siku aliyoolewa. Hilo aliligongesha mihuri kwa nesi wa kiwandani. La pili alilifungua kwa siri, kwa jina la usichana, Nthabiseng Lekhooa. Hilo lilikuwa la uzazi na la chumba namba nne, mambo ambayo kiwandani hakutaka yajulikane, na ndilo alilokusudia kulitoa leo.

Asubuhi hiyo, vidole vimekufa kwa baridi ya Juni, alichomoa daftari mkobani akaliweka juu ya rundo mezani kwa karani. Alichomoa la buluu.

Yote hayo yangemezeka. Lakini mabenchi mawili nyuma yake, huku Katleho, mtoto wa 'Mapuleng wa miezi minane, akikohoa mgongoni ndani ya blanketi, alikuwa amekaa mama mkwe wake, 'Malefa.

"'Mapuleng?"

Akageuka polepole. "Mama."

"Si uko kazini wewe? Umevaa ovaroli mbele yangu, umekunywa uji wako, ukaniaga."

"Nilikuwa naenda, mama. Kichwa kikaniuma njiani."

"Kichwa." 'Malefa aliitazama ile namba mlangoni, kisha akamtazama mkwewe. "Kichwa cha kuuma ndiyo chumba namba nne?"

Mzee mmoja aliyejifunika blanketi la kahawia akadakia, "Hata mimi kinaniuma, mbona wamenipeleka namba mbili?"

Benchi zima likacheka. 'Mapuleng alihisi kicheko kile kikimpanda shingoni kama siafu.

'Malefa hakucheka. Alisimama akalikaza blanketi la mtoto. "Nilimwambia Lefa. Nikamwambia, mkeo haongei, hali, Jumapili nzima anautazama ukuta kama anasubiri umjibu. Akaniambia, mama, ni uchovu wa kiwandani. Uchovu hauitwi namba nne!"

"Mama, tafadhali. Watu."

"Siku niliposhuka kutoka kwetu milimani, Mokhotlong, nilikuambia nini? Ikithibitika una ugonjwa wa kichwa, huyu mtoto simwachi mikononi mwako. Naondoka naye. Nilisema, sikusema?"

"Ulisema."

"Basi ingia. Mimi nakusubiri hapa hapa nisikie umeambiwa nini."

'Mapuleng akaingia. Hatua sita kutoka benchi hadi mlangoni, na katika hatua hizo sita alishapanga kila kitu. Atajibu vizuri. Ataambiwa mzima. Atatoka aseme, "Mama, wamesema si kitu," na Katleho atabaki. Alikwisha kufanya hivyo mara moja, miezi mitatu iliyopita, kwa nesi mwingine. Dakika kumi hazikufika.

Hakujua kwamba yule nesi wa miezi mitatu iliyopita alishahamishwa.

"Funga mlango, 'm'e, mama yangu, baridi inaingia bila kupanga foleni."

Nyuma ya meza alikaa mwanamume wa miaka hamsini na ushei, sweta limefumuka kiwiko, makoenya mawili yakitoa mvuke juu ya kipande cha gazeti. Kibao chake kilisema Nesi Phakoe. Mbele yake, limefunguliwa waziwazi, lilikuwa daftari la buluu.

"Makoenya?"

"Hapana, Ntate," akajibu, kama mtu anavyomwita baba. "Nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Uji."

"Vijiko vingapi?"

'Mapuleng akakodoa macho. Swali gani hilo? "Vingi," akasema.

Ntate Phakoe akaandika kitu. "Nina maswali tisa. Nataka siku. Katika wiki mbili zilizopita, siku kumi na nne, ni siku ngapi umekosa hamu ya mambo uliyozoea kuyapenda?"

"Siku mbili."

"Huzuni, au kuona hakuna la kutumainia?"

"Siku mbili."

"Usingizi kukukimbia?"

"Mbili."

"Kuchoka, mwili kukosa nguvu?"

"Mbili," akasema upesi. Kisha, akiogopa kwamba mbili zimezidi kufanana, akaongeza, "Labda tatu."

Kalamu ikawekwa mezani.

"Unashona nini kule kiwandani?"

"Mifuko ya nyuma. Ya jinzi."

"Kwa saa moja?"

"Tisini."

"Msimamizi akipita na ubao akiuliza ngapi, unamwambia ngapi?"

"Tisini."

"Na kama ni sabini na tano?"

'Mapuleng alitazama mikono yake. "Unasema tisini. Zile kumi na tano unaziazima saa inayofuata."

"Na saa inayofuata?"

"Inaazima ya mbele yake."

"Mpaka lini, 'm'e?"

"Mpaka kengele ya kutoka."

"Mke wangu alishona kola miaka kumi na moja," Ntate Phakoe alisema. "Ukimuuliza lolote, anakupa tisini. Kwa hiyo hizi siku mbili zako nazifahamu. Ni za ubao." Akalivuta daftari. "Haya, mihuri hii haijui kudanganya. Vidonge vya kichwa: Aprili mara mbili, Mei mara tatu, Juni hata haijafika katikati, mara mbili. Kuna aliyekuuliza kichwa kinaumwa na nini?"

"Foleni ni ndefu pale, Ntate. Unasema kichwa, unapewa, unarudi kwenye mashine."

"Na daftari lako jingine liko wapi?"

Akauvuta mkoba karibu. "Lipi?"

"Ovaroli yako ina doa la maziwa kifuani. Unanyonyesha. Lakini humu hakuna hata ukurasa mmoja wa uzazi. Huyo mtoto ulimwokota?" Alisema bila ukali, akimega koenya. "Usiogope. Kila mtu hapa ana daftari la kuonyesha na daftari la kuficha. Mke wangu alikuwa nayo matatu."

'Mapuleng alijikuta anataka kutabasamu. "Matatu?"

"La tatu nililikuta ndani ya gunia la unga. Wiki mbili baada ya kumzika."

Koenya likarudi juu ya gazeti. Nje, karani alikuwa akimwita mtu wa presha.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Daktari!" Alikuwa 'Malefa, kofia ya majani kichwani, mtoto mgongoni. "Ameshapatikana na nini?"

"Mimi ni nesi, mama."

"Nesi, daktari, wote mnavaa viatu vya kufanana. Nijibu: ni mwendawazimu au si mwendawazimu? Teksi ya Mokhotlong ikijaa inaondoka, haina mjomba."

"Mama, chumba hiki kina kiti kimoja cha mgonjwa. Ukitaka kukaa nitaanza na wewe. Katika wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umekuwa na hasira za haraka?"

"Ati!"

"Nyingi? Niandike nyingi?"

Mlango ukabamizwa. Lakini kabla haujafungwa Katleho alikohoa, kikohozi kidogo kikavu, na papo hapo maziwa yakamtoka 'Mapuleng yakaloanisha ovaroli. Akajifunika kwa mkoba. Mwili wake ulikuwa bado unamjibu mtoto. Ni yeye mwenyewe ambaye siku nyingi alishaacha kujibu.

"Ntate," alisema, na sauti ikaanza kukimbia. "Niandikie mzima. Sitaki kingine. Yule mama anamchukua mwanangu. Hatanii, ni mtu wa milimani, akisema amesema. Puleng yuko shule, ana miaka sita, atajiweza. Huyu mdogo bado ananyonya. Baba yao yuko migodini ng'ambo ya mpaka, anarudi mwisho wa mwaka. Niandikie mzima nitoke nimwonyeshe. Ni kalamu tu, Ntate."

"Kweli, ni kalamu tu." Ntate Phakoe aliiokota. "Niandike?"

"Andika."

"Kisha?"

"Kisha mtoto abaki."

"Abaki na nani?"

'Mapuleng akaugeukia mlango.

"Abaki na nani, 'm'e?" aliuliza tena, taratibu.

Abaki na nani? Na yule mwanamke anayejilaza Jumapili nzima amegeukia ukuta? Wiki iliyopita Katleho alilia mpaka akajilaza mwenyewe, na yeye alikuwa ameketi hatua mbili tu, anamsikia, anataka kuinuka, miguu haimtii. Puleng ndiye aliyeinuka. Puleng, miaka sita, akamtia mdogo wake kidole chake mdomoni anyonye.

Aliufungua mkoba. Chini kabisa, chini ya kitambaa cha maziwa, akalitoa daftari la pili, lililovikwa karatasi ya pakiti ya unga. Akaliweka mezani kama mtu anayeweka mzigo wa kuni.

Ntate Phakoe alizipita kurasa za uzazi, akasoma ule wa mwisho ulioandikwa. Siku mbili, siku mbili, siku mbili. Hali ya kawaida. Arudi akizidiwa.

"Ulifaulu," alisema.

"Nilifaulu."

"Sasa tuanze bila ubao. Hamu ya mambo uliyoyapenda?"

"Kumi na nne."

"Huzuni?"

"Kumi na nne. Wakati mwingine si huzuni. Wakati mwingine ni kama nimevaa glavu mwili mzima."

"Usingizi?"

"Kumi na mbili. Hizo mbili nililazwa na vidonge vya kichwa."

"Uchovu?"

"Zote."

"Chakula?"

"Kijiko kimoja, Ntate. Kile cha kumridhisha mama."

"Kujiona huna thamani, kwamba umewaangusha wako?"

Hapo alicheka, kicheko kikavu kama kikohozi. "Kwani kuna siku sijaona hivyo? Nipe hiyo siku niitazame."

Akamwonyesha kidole cha shahada chenye kovu jipya. Sindano ya mashine ilipita katikati ya ukucha kwa sababu akili ilikuwa mbali. Hilo lilijibu swali la saba, la akili kutotulia. La nane, la mwili kutotulia, lilijibiwa na goti lake, ambalo tangu aingie lilikuwa halijatulia.

Likabaki la tisa.

Ntate Phakoe hakusoma kwenye karatasi. Aliigeuza karatasi, akamtazama usoni. "Ni siku ngapi umewaza kwamba ni heri ufe, au kwamba ujidhuru?"

Kwenye ukumbi mtu alikuwa anacheka. Koenya lilikuwa limepoa. 'Mapuleng aliona mambo yote mawili kwa wakati mmoja, mlango na mtu huyu, akajua kwamba bado anaweza kusema sifuri. Sifuri ni fupi.

"Saba," akasema. "Sipangi, Ntate. Nawaza tu kwamba nikilala nisiamke, mashine yangu watampa mwingine, na ubao utajaa vilevile." Akauteremsha mkoba mapajani. "Siku moja nilivitazama vile vidonge vya kiwandani. Nikavitazama muda mrefu. Kisha Puleng akaniuliza sare yake iko wapi, nikavirudisha."

"Lini?"

"Jumatatu ya juzi."

"Viko wapi sasa?"

"Mkobani."

Nesi alinyoosha mkono, na 'Mapuleng akampa. Vikaingia kwenye mtoto wa meza, ufunguo ukazunguka. Ntate Phakoe hakushtuka. Hakumkemea. Hakuanza kumwombea. Alisema tu, "Asante kwa kuniambia," kama mtu aliyepewa kiti.

Na 'Mapuleng, ambaye hakuwa amelia tangu Machi, akalia.

Alipomaliza, mambo yakaenda haraka, na yeye akayafuata kama mtu anayefuata taa.

Ugonjwa una jina, aliambiwa. Unaitwa sonona. Huwapata wengi baada ya kujifungua, na wengi huupeleka kazini wakiwa wameuvalia ovaroli. Si wendawazimu, wala si uvivu. Akaulizwa kama kuna majira aliwahi kuchangamka kupita kiasi, akakesha siku kadhaa bila kuchoka. Hapana. Akatolewa damu, maana upungufu wa damu nao huja na uchovu kama huu na lazima uchunguzwe. Kisha akapewa pakiti ndogo.

"Kimoja kila asubuhi. Hakimdhuru anayenyonya. Siku za kwanza kichefuchefu kitakuja kabla ya nafuu, usikate tamaa. Nafuu inakawia wiki mbili, tatu, hata nne. Nimekupa vya siku saba tu. Jumatano ijayo utakuja tukae nusu saa tuzungumze, uchukue vingine. Na Jumatano inayofuata vilevile. Lile wazo la swali la tisa likikujia kabla ya hapo, usingoje Jumatano. Unakuja siku hiyo hiyo, hata bila daftari."

"Na vya kiwandani?"

"Hivyo achana navyo. Hivi na vile ni wake wenza wasioelewana, ukiwaweka nyumba moja watakuumiza wewe."

"Kiwandani watajua?"

"Watapata barua yenye maneno matatu: anahudhuria kliniki hapa. Hata meneja akija kupiga magoti, hapati la nne." Akainua kidole. "Lakini kuna sharti. Kwa ajili ya lile jibu lako la tisa, vidonge hivi hutavishika wewe. Atavishika mtu mwingine, akupe kimoja kimoja. Nani?"

"Hakuna."

"Mtu mmoja tu."

"Lineo. Wa mashine ya jirani."

"Analala kwako?"

"Hapana."

"Nataka mtu anayekuwepo unapofumbua macho, 'm'e."

Wote wawili wakautazama mlango.

"Ntate, huyo?" 'Mapuleng alinong'ona. "Huyo atavitupa chooni, kisha apande teksi na mtoto."

"Mimi simjui. Unayemjua ni wewe." Akayashika madaftari yote mawili pamoja, akapapasa mezani. "Haya nataka yawe kitu kimoja. Lisionekane moja bila jingine, si hapa wala kwa yule nesi wa kiwandani. Lakini pini za kubania zimeisha tangu Pasaka."

'Mapuleng alipeleka mkono kwenye kola ya ovaroli. Pale, kama kila mshonaji wa Maputsoe, alikuwa amechomeka sindano yenye uzi wa jinzi. Akayachukua madaftari. Akayalaza mgongo kwa mgongo, akatoboa, akavuta, akatoboa. Goti lake lilikuwa limetulia. Alipofika mwisho akafunga fundo, akaukata uzi kwa meno.

"Mishono mingapi?" Ntate Phakoe aliuliza.

Alifikiri kidogo. "Sikuhesabu."

Akatoka.

Benchi lilikuwa tupu.

Pale alipokuwa 'Malefa palikuwa na mkoba wa mtu mwingine. 'Mapuleng aligeuka huku na huku. Mlangoni hayupo. Kwa karani hayupo.

"Mzee! Yule mama mwenye mtoto!"

Mzee wa blanketi la kahawia akainua macho. "Yule mkali? Amekwenda. Alisikia unalia humo ndani, akasema, basi, imethibitika."

"Zamani?"

"Namba yangu ilikuwa karibu kuitwa." Akaunyanyua mkono wenye karatasi. "Bado haijaitwa."

'Mapuleng hakusikia mwisho wake. Alikuwa anakimbia.

Alilipita geti, akazipita meza za wauza machungwa, daftari la kushonwa kwapani, pakiti mkononi. Miguu iliyogoma wiki iliyopita leo ilikuwa imepata kichaa. "Ausi, dada yangu, unafukuzwa na nani?" mtu alimpigia kelele. Hakujibu. Upepo ulikata masikio. Stendi. Teksi ya Butha-Buthe. Ya Hlotse. Ya Mokhotlong iko wapi? Ya Mokhotlong!

"Mokhotlong nafasi moja! Bado mmoja tu tuondoke!"

'Malefa alikuwa amesimama kando ya mlango wa teksi, mguu mmoja ngazini, simu sikioni. Blanketi la mtoto lilikuwa limefungwa kifuani kwa pini kubwa ya chuma. Mgongoni kilionekana kichwa cha Katleho, amelala.

"Huyu hapa amefika," 'Malefa aliiambia simu. Akamnyooshea. "Mumeo. Ongea naye."

'Mapuleng aliishika. Alikuwa hana pumzi.

"'Mapuleng?" Nyuma ya sauti ya Lefa kulikuwa na vyuma vikigongana na wanaume wakiitana. "Mama ananiambia maneno gani haya? Sikiliza, niko foleni ya kushuka shimoni, nina dakika moja. Mwambie si kweli. Sema ulikosea chumba. Basi. Mama atashuka, mtoto atabaki, mengine tutaongea nikija. Sawa, mke wangu? Sema tu ulikosea chumba."

Hakuwa mtu mbaya, Lefa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemkabidhi mkewe ufunguo. Ilikuwa ni kuuzungusha tu. Maneno mawili, na Katleho angekuwa mikononi mwake kabla teksi haijatia gia.

Tisini, msimamizi. Tisini kamili.

'Malefa alikuwa anamtazama mdomo.

"Siku kumi na nne, Lefa," 'Mapuleng akasema.

"Nini?"

"Sikukosea chumba. Nina sonona. Ni ugonjwa, una dawa, nimeanza leo. Nilikuwa nakudanganya ukipiga simu. Nimekudanganya tangu mtoto azaliwe."

Vyuma. Kengele ya shimoni ikalia mara mbili.

"Mpe mama," Lefa akasema.

Hakujua sauti ile ilikuwa ya nini. Akampa mama.

'Malefa alisikiliza, uso umeelekea milimani. "Ndiyo," akasema. Kisha, "Hapana." Kisha akaikaza simu sikioni, na mwisho akasema, "Nimesikia, mwanangu." Simu ikaingia kifuani.

"Mama, amesema nini?"

"Huyo nesi amekupa nini?"

'Mapuleng akafungua kiganja. Pakiti ilikuwa imelowa jasho. "Vya siku saba. Kimoja kila asubuhi. Amesema nisivishike mimi, vishikwe na mtu."

"Kwa nini usivishike? Wewe ni mtoto?"

Mara ya pili leo, lile swali la tisa, na safari hii bila mlango wa kufunga. Kondakta amesimama pale. Abiria wametoa vichwa madirishani.

"Kwa sababu kuna siku nilitaka kutoamka, mama."

Kofia ya majani haikutikisika. Chini yake, macho ya mwanamke aliyezika mume na watoto wawili kabla ya kubaki na Lefa peke yake yalimtazama mkwewe kuanzia viatu hadi kovu la kidole, kana kwamba hajawahi kumwona.

"Nafasi moja!" Kondakta alipiga bati. "Bibi, panda au shuka, baridi hii itatuua!"

"Nipe," 'Malefa akasema, akanyoosha mkono.

Nipe. Nipe ya nini? Ya kuvitunza, au ya kuvitupa bondeni kwenye kona ya kwanza ya mlima? Akivitoa, na teksi ikaondoka, mtoto na dawa vitakuwa vimekwenda vyote. Akivizuia, amerudi kuwa yule mwanamke wa madaftari mawili.

Alivitazama mara moja tu. Akaiweka pakiti juu ya kiganja kile kigumu.

'Malefa akavifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja. Na mkono wake wa pili ukapanda polepole kifuani, ukaishika ile pini ya blanketi, ukaanza kuifungua.